UMEHAMIA KWAKO? ANGALIA RANGI NYEKUNDU!

Ndugu msomaji, umeuza pikipiki, mkeo ametoa hela yake ya kikoba, na hatimaye umeachana na mwenye nyumba wa Manzese aliyekuwa akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sasa una vyumba vyako viwili Kibamba au Goba. Hongera! Ila usishangilie sana.

Wiki za mwanzo utagundua mambo madogo. Ukuta una ufa kwa sababu fundi alibana saruji. Masika yakiingia, shimo la choo linajaa maji, maana dalali mjanja alikuonyesha kiwanja mwezi wa Agosti kukiwa kukavu. Ukichimba kisima unapata maji ya chumvi. Hayo yote yana dawa. Fundi utamwita, mtagombana, ataziba.

Lisilo na dawa ni alama ya X ya rangi nyekundu. Unarudi kutoka kibaruani unaikuta ukutani, mbichi, inachuruzika. Hapo ndipo unaambiwa kwamba kwako si kwako, ni hifadhi ya barabara.

Waulize watu wa Barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 Serikali ya CCM ilishusha matingatinga kuanzia Kimara hadi Kiluvya. Ilidai hifadhi ni mita 121.5 kila upande, ikataja sheria ya tangu mwaka 1932, enzi za Mwingereza! Nyumba zaidi ya elfu moja zilikwenda chini, fidia hakuna. Barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha tunaiona na tunapita juu yake. Hatuikatai barabara. Tunauliza nani aliwaacha wananchi wale wajenge.

Maana hawakujenga usiku. Mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, na wengi wao hawagongi bila "asilimia kumi" yao. Nguzo za umeme zilisimikwa, mabomba ya maji yakaletwa hadi mlangoni. Na siku hizi ndiyo balaa zaidi: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza Sh. 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapandishwa hadi Sh. 1,500. Kwa hiyo siku ya kukukata kodi, nyumba yako inajulikana vizuri sana. Siku ya fidia wewe ni mvamizi! Huu ni utawala au ni mchezo wa karata tatu?

Wakubwa watakujibu kwamba kutojua sheria si kinga. Sawa. Basi tuwakumbushe kuwa mwaka huohuo wa 2017 hata jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo liliamriwa kubomolewa sehemu kupisha barabara za juu. Shirika la umma, lenye mawakili na wahandisi wa kuajiriwa, nalo lilikutwa ndani ya hifadhi. Kama TANESCO hawakuujua mpaka, kijana wa Mbagala anayeuza mitumba aujue kwa ndoto?

Na hapo hapo mwaka ule, Rais Magufuli alipofika Mwanza, alizuia nyumba za wananchi jirani na uwanja wa ndege zisibomolewe. Tunawapongeza ndugu zetu wa Mwanza. Lakini sheria gani hiyo inayouma Kimara na kung'ata kwa ufizi Mwanza?

Sheria nzuri ipo, tusidanganyane. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya mtu juu ya ardhi anayoikalia kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, ikafungiwa kabatini.

Kwa hiyo wewe ambaye bado hujalipa, usimwamini dalali wala muhuri wa mtaa. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uliza eneo limepimwa kwa matumizi gani. Kama barabara kuu iko karibu, waandikie TANROADS wa mkoa, wakujibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halisimamishi tingatinga.

Na ramani ya hifadhi zote, za barabara, reli na mabonde, ibandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya mtaa. Haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, ni karatasi na gundi tu. Haibandikwi kwa sababu ikibandikwa, viwanja vya kuuza vitapungua na ile asilimia kumi itakauka.

Mwenyekiti akija kukuomba kura, muulize ramani iko wapi. Akisema iko wizarani, mwambie akaifuate kwanza, ndipo arudi.