Nyota Ikiisha Mafuta



Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mwaka fedha za korosho zinapoingia na matokeo ya mitihani yanapotoka, hapa Lulindi husikika maneno yale yale: "Mtoto huyu nyota yake imefifia, apelekwe akasafishwe." Fedha iliyokuwa ya sare na madaftari inaishia kwa mganga. Sisi walimu wa madrasa tunaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi. Na kwa kuwa inayosingiziwa ni nyota, tuanze na nyota yenyewe.

Ni kweli nyota hufifia na kuzimika. Nyota ni tufe kubwa la gesi yenye joto kali, na jua letu ni mojawapo. Mafuta yake ni haidrojeni, ambayo ndani kabisa ya kiini hugeuka kuwa heli na kutoa nishati. Nishati hiyo husukuma nje, na uzito wa nyota huvuta ndani. Mafuta yakiisha, mizani hiyo huvunjika.

Jua limewaka kwa miaka bilioni 4.6 hivi, na wataalamu wanakadiria limebakiwa na mafuta ya miaka bilioni 5. Allah (S.W.) ndiye Mjuzi zaidi. Baada ya hapo litavimba na kuwa jekundu, litapoteza gesi yake ya nje, na kitabaki kiini cheupe chenye ukubwa kama wa dunia, kikipoa polepole kama kaa lililotolewa jikoni.

Nyota zenye uzito zaidi ya mara 8 ya jua huendelea kuunguza kila zilicho nacho mpaka kiini kinageuka chuma. Chuma hakitoi nishati tena. Kiini hudidimia kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota hulipuka. Kinachobaki ni tufe la upana wa kilomita 20 hivi lenye uzito kulipita jua, au shimo jeusi ambalo hata mwanga hautoki.

Mlipuko wa aina hiyo ulionekana Februari 1987 bila darubini, katika anga ya kusini ambayo sisi huku tunaiona. Mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka 160,000 ndipo ukatufikia. Sasa tujiulize, nyota iliyokufa zamani namna hiyo ilikuwa ya mtoto gani?

Mwisho wa 2019 nyota nyekundu ya Yad al-Jauza, ambayo Wazungu huiita Betelgeuse kwa kuliharibu jina hilo la Kiarabu, ilififia sana. Wapo waliodhani inakaribia kulipuka. Wataalamu wakapima, wakakuta sehemu ya uso wake imepoa na vumbi lililotoka kwake mwenyewe limeifunika. Kabla ya katikati ya 2020 iling'aa tena, na hakuna mganga aliyeisafisha.

Wapo wanaodhani kujifunza haya ni unajimu ulioharamishwa. Sivyo. Kilichoharamishwa ni kutabiri mambo ya watu kwa nyota. Elimu ya falaki ndiyo inayotusaidia kujua kibla, nyakati za swala na miandamo ya mwezi.

Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume, naye akiwa katika huzuni, aliwakatalia, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Ikiwa ni hivyo kwa mwana wa Mtume, vipi nyota ifungamane na mtihani wa mtoto wetu?

Mzazi, mwanao akifeli, kaa naye mfungue daftari. Muulize mwalimu wake. Angalia kama usiku ana taa ya kusomea na kama asubuhi anakwenda shule ameshiba. Fedha ya korosho ianzie hapo.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atuepushe na ushirikina. Amin.

Wabillahi tawfiq.