MCHUMIA JUANI NAYE AONJE KIVULI

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Lakini hebu tembea kule Kericho, Kisii au Murang'a kunakolimwa majani chai. Utaona methali hii imepinduliwa: anayechuma ni mmoja, anayelia kivulini ni mwingine!

Mama huamka alfajiri, akabeba kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi, kisha akapiga foleni katika kituo cha kununulia. Je, kilo zake huandikwa katika nambari ya nani? Katika nyumba nyingi ni ya baba, kwa sababu shamba ni lake. Malipo ya mwezi na ile bonasi ya mwaka huenda moja kwa moja kwenye akaunti yake.

Wapo watakaosema, "Si shamba ni la mzee? Alirithi kwa babu." Sawa. Lakini sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka wa 2013 yatambua kazi ya shambani kuwa mchango katika ndoa. Nayo Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 60, yataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi.

Ndugu msomaji, hapa sisemi tumhurumie mama tu. Hii ni hesabu! Mama asiyeona hata shilingi ya chai atafanya nini? Atakwenda kumchumia jirani alipwe kwa kilo, au atalima sukuma wiki auze sokoni. Huku nyuma majani ya nyumbani yanakomaa, yanakataliwa kituoni, na baba mwenyewe anapata hasara. Mwaka wa 2011 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa wakulima wanawake wakipata ardhi, mbolea, mikopo na mafunzo sawa na wanaume, mavuno yao yaweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Ni baba gani atakayekataa neema hiyo?

Dawa ipo. Baba amkatie mama sehemu ya michai, aandikishwe kwa nambari yake mwenyewe. Bonasi ikija, wakae chini wapange karo na mbolea pamoja.

Nanyi wavulana wenzetu, msingoje mpaka muwe wazee. Jumamosi hii chukueni kikapu. Kikapu cha chai hakichagui mgongo!