Shimo lisilojaa si la kujivunia

Juzi nilikuwa Butiama kwa mzee mmoja anayepangisha vyumba. Alinionyesha karo la choo kwa fahari: "Bwana shamba, huu mwaka wa nne, halijavutwa hata mara moja." Nikamuuliza, maji yanakwenda wapi basi? Chini ya mteremko, hatua kama arobaini, kuna kisima ambacho wapangaji wake wenyewe wanachota.

Sikubaliani na mafundi wanaosifia shimo lisilojaa. Karo la kweli hubakiza tope chini, na tope hilo lazima livutwe. Lisipojaa, mara nyingi sakafu haikujengwa au imepasuka. Tunaambiwa mita 30 kutoka kisimani zinatosha. Kwenye udongo mzuri, sawa. Lakini penye miamba kama vilima vya Butiama, maji machafu hupita kwenye nyufa bila kuchujwa, na mita 30 si kitu.

Kabla ya kununua tofali hata moja, pima ardhi. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30, kifike kina ambacho shimo la kunyonya litafanyia kazi. Kijaze maji, kilale hivyo usiku kucha. Kesho yake ongeza maji, pima kwa rula. Yakishuka sentimita mbili na nusu kabla ya dakika moja kwisha, udongo hauchuji. Yakichukua zaidi ya saa nzima, haunyonyi.

Hapo ndipo ndugu zangu wa tambarare za Bunda wanapodanganyika. Wanapima Agosti, udongo mweusi wa mbuga umepasuka, maji yanazama kama yamenyweshwa ng'ombe. Masika yakija udongo unavimba, nyufa zinafunga, na choo kinarudisha maji ndani ya nyumba. Udongo huo huo ukivimba hupasua na kuta za karo. Pima wakati wa mvua, au mwagilia kishimo siku kadhaa mpaka nyufa zifunge.

Kwa wa mwaloni, Musoma na kwingineko, tazama maji ya chini. Chimba mita tatu hivi wakati wa masika. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, ujue maji hupanda hadi hapo hata kama leo pakavu. Kitako cha shimo kibaki juu ya alama hiyo angalau mita moja na nusu. Na mnakumbuka mwaka 2020 ziwa lilivyopanda. Usipime kwa ziwa la mwaka wa ukame.

Ardhi ikikataa, usilazimishe kwa kuchimba zaidi, maana kina ndicho kinachokupeleka kwenye maji. Jenga choo cha shimo kilichoinuliwa juu ya tuta, au karo lililozibwa kabisa, ukiwa na uhakika kwamba gari la kuvuta linafika kwako na hela yake unayo. Kuna watu wataniona nawarudisha nyuma. Haidhuru.

Yule mzee amekubali kulivuta karo na kumwaga zege sakafuni. Kwa sasa wapangaji wanachemsha maji.