Muhuri wa Usalama ni Amana

Liko neno lililozoeleka madukani mwetu: "Hiyo ni kawaida." Mnunuzi hurudi akalalamika kwamba kila akigusa kisanduku cha bati cha kompyuta aliyonunua, umeme humtekenya vidoleni. Muuzaji humjibu neno hilo, kisha akamgeukia mteja mwingine. Mimi nasema si kawaida, wala si haki.

Yafaa kwanza tujue mtekenyo ule watoka wapi. Ndani ya kompyuta ya mezani mna kifaa cha kugeuza umeme, na ndani yake mna vijidude viitwavyo kapasita vinavyozuia kelele za umeme zisivuruge redio na televisheni. Hivyo huvujisha umeme kidogo sana kwenye bati, na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, huuchukua ukaenda zake. Pini ndefu ya juu katika plagi yetu ya pini tatu kazi yake ni hiyo. Mtu akitia adapta ya pini mbili, au nyumba ikiwa haina waya wa ardhi kama zilivyo nyumba nyingi kongwe, bati hubaki na takriban nusu ya volti 240 zetu. Mkondo wenyewe ni mdogo, hauui. Lakini ni onyo kwamba mlinzi hayupo! Siku waya wa moto utakapochubuka ukagusa bati lile, fyuzi haitakatika, na njia ya umeme kwenda chini itakuwa ni mwili wa mtoto aliyekaa peku sakafuni, mikono ina jasho la kaskazi.

Wenzetu walilitambua jambo hili zamani. Marekani, kijana mmoja kwa jina William Henry Merrill alitumwa Chicago kuchunguza hatari za moto wa umeme katika maonyesho makubwa ya mwaka 1893, na mwaka uliofuata akaanzisha maabara ya kupima vyombo, ambayo alama yake ya UL yaonekana hadi leo nyuma ya kompyuta nyingi. Ulaya ina alama ya CE. Wengi hudhani kwamba alama hii hutolewa na serikali baada ya ukaguzi. La. Kwa vyombo vya namna hii, mtengenezaji mwenyewe ndiye hutangaza kwamba ametimiza masharti, akaibandika. Kwa maneno mengine, ni ahadi.

Ahadi hiyo hugharimu. Mwaka 2012, Waingereza waliotengeneza Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya dola 35 iliyokusudiwa wanafunzi, walikuwa na shehena ya kwanza ya vipande 10,000 tayari. Wasambazaji wao walikataa kupeleka hata kimoja kwa wateja mpaka alama ya CE ipatikane. Kompyuta ile hutumia volti 5 tu, haiwezi kumrusha mtu. Shaka ilikuwa mawimbi yake yasije yakaingilia vyombo vingine. Hata hivyo ilipelekwa maabara, ikapimwa, ikafaulu mwezi wa Aprili. Wateja walinung'unika, na mradi ule haukufa. Basi wale wasemao kwamba masharti haya huua biashara changa wana la kujibu hapo.

Kwetu liko Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lililoundwa 1974, na mwaka 2005 likaanzisha mpango wa kukagua bidhaa huko huko zitokako kabla ya kupakiwa. Ni vyema. Lakini mkaguzi aliye ng'ambo haoni adapta ya pini mbili inayotiwa mkononi mwa mteja hapa Mombasa. Wala haoni kompyuta iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani, swichi yake nyekundu ya nyuma ikiwa imeelekezwa volti 115. Ikichomekwa hapa hivyo hivyo, hulipuka kwa kishindo na moshi.

Hapo ndipo dini yetu inapoingia, na naona ajabu kwamba twaisahau tukifika dukani. Ni habari mashuhuri jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika chungu ya chakula sokoni, akakuta chini ni kimajimaji, na akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Miji ya Kiislamu ikawa na muhtasibu, aliyezunguka sokoni akikagua mizani na vyombo. Na mafakihi wameeleza wazi kwamba aibu ya bidhaa ikifichwa, mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Plagi iliyokatwa pini yake ya ardhi ni aibu ya bidhaa. Sioni tofauti yake na chakula kile, ila kwamba chakula kibichi hakirushi mtu.

Muuzaji atasema, "Nyumba ya mteja si yangu, nitajuaje kama ina waya wa ardhi?" Na aulize. Amwambie mteja amwite fundi apime soketi kabla ya kuchomeka, na amwonyeshe swichi ile nyekundu kabla hajafunga boksi. Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili. Na kamati za madrasa zinazonunua kompyuta kumi kwa mpigo zina nguvu kuliko mteja mmoja: ziandike sharti la waya wa ardhi katika mapatano, na zisilipe mpaka fundi ashuhudie.