Kompyuta ya steshenari imekuwa nzito: Windows mpya inamgusaje msikilizaji wa Kilosa na Mikumi?

Ukifika kwenye steshenari yoyote Kilosa mjini, au pale Mikumi kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, utakuta watu wale wale: aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu, kijana anajaza maombi ya ajira, mfanyabiashara mdogo anatafuta namba ya mlipakodi. Wote wanategemea kompyuta moja au mbili za dukani. Na siku hizi jibu wanalolisikia mara nyingi ni hili: "Subiri kidogo, bado inazunguka."

Wengi husema ni mtandao. Mara nyingine ni kweli. Mei 2024, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilipokatika, Tanzania nzima ilihangaika. Lakini mara nyingi tatizo liko ndani ya kompyuta yenyewe, na linatokana na uamuzi uliofanywa mbali sana na Morogoro.

Nini kimetokea?

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha, na programu nyingine zote hukaa juu yake. Kwenye kompyuta nyingi za steshenari programu kuu hiyo ni Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia bure. Haikuzimika, na kompyuta inaendelea kuwaka na kuchapa kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya kila mwezi, yale yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyagundua.

Microsoft inataka watu wahamie Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Prosesa hizo zilianza kutoka mwaka 2017, kwa hiyo kompyuta nyingi za zamani kidogo zimeachwa nje.

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, zilizotumika kwanza katika ofisi za nje. Ofisi hizo zinapotupa mashine zisizopokea Windows 11, baadhi yake huishia kwenye maduka yetu. Kilichoisha muda kule kinaanza maisha mapya huku, na mnunuzi wa Kimamba au Kidodi haambiwi.

Kwa nini inakuwa nzito?

Mwenye duka akiona Windows 10 imefika mwisho, humwita fundi "apige Windows" mpya. Fundi anayo njia ya kuruka ukaguzi, na Windows 11 inaingia hata kwenye mashine isiyofaa. Inawaka, ina sura nzuri, na mwenye duka anafurahi. Baada ya wiki mbili malalamiko yanaanza.

Sababu ya kwanza ni diski. Kompyuta za zamani zina diski ya kuzunguka, HDD, inayosoma taarifa polepole. Windows za sasa hufanya kazi nyingi chinichini: kukagua virusi, kupakua marekebisho, kupanga mafaili. Diski ya kuzunguka inaelemewa. Ya pili ni RAM. GB 4 ndicho kiwango cha chini kilichoandikwa, lakini ukifungua Windows 11, kivinjari chenye kurasa tano na programu ya kuchapa kwa wakati mmoja, GB 4 haitoshi. Ya tatu ni programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka, nyingine mwenye duka hata hazijui.

Kuna pia vituko vya kawaida vya kitu kipya. Kitufe cha kuanzia kimehamishiwa katikati. Kinaweza kurudishwa kushoto kwenye mipangilio. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, baadhi ya amri za zamani zimefichwa. Shikilia Shift unapobofya, zitatokea. Toleo la nyumbani linataka intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuliweka, na hapo bando linakatwa kabla kazi haijaanza.

Vingine ni makosa ya Microsoft yenyewe. Marekebisho ya Windows 11 yaliyotolewa siku ile ile ya 14 Oktoba 2025 yaliharibu kitu kisichotarajiwa: kompyuta ikiingia kwenye sehemu ya kujitengeneza, kibodi na kipanya vya USB havikufanya kazi. Yaani mashine ikiugua, huwezi kumwambia daktari chochote. Microsoft ilitoa dawa ya haraka tarehe 20 Oktoba. Kwa hiyo fundi anayesema "marekebisho ndiyo yaliyoharibu" si lazima awe anatafuta kisingizio.

Hatari iko wapi?

Hapa kuna matatizo mawili ambayo watu huyachanganya. Uzito ni kero, hukuchelewesha. Ukosefu wa marekebisho ni hatari, na hauonekani kwa macho. Windows 10 ya zamani inaweza kuwa nyepesi na wakati huo huo iko wazi kwa wezi. Steshenari yenye kasi si lazima iwe steshenari salama.

Mfano upo. Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai malipo. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwekewa dawa hiyo, au zilikuwa za zamani mno kuipata.

Sasa fikiria kinachoandikwa kwenye kompyuta ya steshenari kwa siku moja: namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, namba za mtihani, namba za simu zenye fedha ndani, na nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Ni vigumu kuona mwenye duka atatimizaje hilo kwa mashine ambayo mtengenezaji ameacha kuiziba.

Mwenye kompyuta afanye nini?

Kwanza, ajue ana nini. Abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, aandike winver, kisha abonyeze Enter. Toleo litaonekana.

Pili, kama bado ni Windows 10, kuna muda wa nyongeza. Kwa mtu binafsi, Microsoft ilitangaza marekebisho hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila fedha kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa biashara na ofisi bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, zaidi ya shilingi 100,000, na hupanda mara mbili kila mwaka. Kwa duka la kutoa kopi, hiyo ni faida ya siku nyingi.

Tatu, kabla ya kununua kompyuta nyingine, abadilishe diski. Kuondoa HDD na kuweka SSD, na kuongeza RAM ifike GB 8, huisaidia mashine ya zamani kuliko ujanja wowote wa kwenye mipangilio. Asipofanya hivyo, basi azime programu zinazojiwasha, na auweke mtandao wa simu kuwa wa kupimwa ili Windows isipakue mafaili makubwa kwa bando la dukani. Bando likiruhusu, marekebisho yapakuliwe usiku mara moja kwa wiki, yasiachwe kabisa. Na umeme ukiwa wa kusuasua, yasiwekwe kwenye kompyuta ya mezani isiyo na akiba ya umeme: ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena.

Nne, mashine isiyofaa kwa Windows 11 haijafa. Programu kuu za bure kama Linux Mint huendesha kivinjari, kuchapa na kuprinti kwenye kompyuta za zamani, na hupata marekebisho ya usalama. Ugumu wake ni kuizoea, na baadhi ya printa husumbua. Lakini kwa kompyuta inayotumika tu kujaza fomu mtandaoni, ni njia nzuri kuliko Windows 11 ya kulazimisha, ambayo Microsoft haiahidi kuipa marekebisho.

Tano, anayenunua mtumba asidanganywe na sura ya Windows 11 kwenye kioo. Aulize namba ya prosesa. i5-6500 ni ya kizazi cha sita, i5-8500 ni cha nane: tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za kwanza: hicho ni cha kumi.

Na wewe mwenye simu tu?

Kama fomu yako inajazika kwenye simu, ijaze kwenye simu yako. Nywila haitapita mikononi mwa mtu mwingine. Ukilazimika kwenda steshenari, andika nywila mwenyewe, kataa kivinjari kisiihifadhi, toka kwenye akaunti, na omba vyeti vyako vifutwe ukimaliza. Usisubiri siku ya mwisho, kwa sababu ndiyo siku ambayo mtandao na kompyuta hulemewa pamoja.

Simu nayo ina umri wake. Tangu 1 Januari 2025, WhatsApp haihudumii simu za Android 4.4 kurudi nyuma. Fungua mipangilio, tafuta maelezo kuhusu simu, uone toleo lako na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka mingi nyuma, simu hiyo bado itapiga na kupokea. Ila fedha zako na namba za siri, zitafutie mahali pengine.