Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mfiwa Asiandikwe Mgonjwa kwa Alama za Dodoso

Mheshimiwa Waziri,

Naomba wizara yako iagize kwamba mtu yeyote anayepimwa sonona kwa dodoso aulizwe kwanza kama amefiwa. Chukua mjane aliye katika wiki ya tatu ya eda, anayesomewa PHQ-9, dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Usingizi hauji, chakula hakipiti, mwili umechoka, moyo una huzuni, na yote hayo karibu kila siku. Kila jibu la namna hiyo lina alama 3, hivyo amekwishafika 12, wakati kikomo kinachotumika sana ni 10. Katika maswali yote 9, hakuna linalogusa msiba. Maelekezo ya dodoso lenyewe yanamtaka tabibu ajiridhishe kwanza kwamba si huzuni ya kawaida ya kufiwa, lakini penye foleni ndefu kinachosomwa ni jumla tu.

Mabingwa wenyewe wamevutana kuhusu hili. Mwongozo wa Marekani wa 1994, DSM-IV, kwa kawaida haukuruhusu sonona itajwe katika miezi 2 ya kwanza baada ya msiba, isipokuwa dalili ziwe nzito. DSM-5 ya 2013 ikaliondoa sharti hilo. ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, naiona ina busara zaidi. Kwa mfiwa, inatazama kama dalili zimedumu mwezi au zaidi, na kama kuna ishara nzito: kujiona hana thamani kabisa, kujilaumu kwa yasiyomhusu marehemu, kutaka kujiua. Majonzi yenyewe hayahesabiwi kuwa ugonjwa kabla ya miezi 6, tena yawe yamevuka desturi za jamii na dini ya mhusika. Eda ya miezi 4 na siku 10 humalizika kabla ya hapo.

Wapo watakaosema tahadhari hii itawanyima huduma wafiwa wanaougua kweli. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyowasukuma waandishi wa DSM-5. Lakini kuchelewa kuandika jina la ugonjwa si kumfukuza mtu. Anayetaja kujiua ashughulikiwe siku hiyohiyo, awe amefiwa au hajafiwa. Wengine wasikilizwe, wapangiwe tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo iandikwe kwenye rejesta pamoja na alama zao.