Birika la Samaki si Birika la Udhu

Mabirika ya kale ya Lamu yalitiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Leo mwenye bustani huchimba kidimbwi, akanunua chujio la kung'arisha maji, akaridhika. Mimi siridhiki. Tuliosoma chuoni twajua kuwa maji yaliyotimia kulateni hayanajisiki mpaka najisi iyageuze rangi, tamu au harufu. Kwa udhu yatosha. Kwa samaki haitoshi: amonia itokayo katika uchafu wao haionekani kwa macho, nayo huwaua. Basi chagueni chujio lenye changarawe au sponji, makazi ya vijidudu viigeuzavyo sumu hiyo (muuzaji huwa hataji). Pampu isizimwe usiku, wala sponji isioshwe kwa maji ya mfereji yenye klorini. Ioshwe kwa maji ya kidimbwi chenyewe.